Wadogo Wenye Rekodi

Katika tangi moja la Makumbusho ya Historia Asilia ya London, kundi la samaki wadogo kutoka Myanmar lilikaa karibu mwaka mzima likilishwa na kutunzwa, na hakuna aliyejua kwamba spishi yao haina jina. Walikuja ndani ya mzigo wa samaki wengine wa mapambo. Kwa kuwa miili yao ni midogo na inapitisha mwanga, kila aliyewatazama aliwahesabu kuwa ni wale wale wa jenasi ya Danionella waliokwisha kujulikana. Baada ya muda baadhi yao wakaanza kufa. Ralf Britz, mtaalamu wa samaki wa makumbusho hayo, akawatazama kwa hadubini. Madume walikuwa na chonge.

Mshangao wake ulikuwa na sababu. Ukoo mkubwa wa samaki hao, ambamo pia yumo zebra danio anayefugwa katika maabara nyingi duniani, hauna meno ya taya. Mababu zao waliyapoteza zamani mno, kwa makadirio ya wataalamu yapata miaka milioni 50 iliyopita. Uchunguzi ukaonyesha kwamba chonge zile si meno hata kidogo, bali ni ncha za mfupa wa taya zilizorefuka na kuchomoza nje ya ngozi. Mwaka 2009 samaki huyo, ambaye urefu wake hauzidi milimita 17, aliandikwa rasmi kwa jina la Danionella dracula. Mwili wake umepungukiwa mifupa zaidi ya 40 ukimlinganisha na zebra danio, kwa sababu mifupa yake iliacha kukua mapema, angali katika hali ya kifaranga.

Nimemtanguliza huyu kwa makusudi. Habari za spishi mpya hutufikia zikiwa na picha ya mtafiti aliyevuka mito na misitu, matope hadi magotini, wavu mkononi. Picha hizo ni za kweli, lakini ni nusu ya habari. Ukizipitia rekodi za samaki wadogo moja baada ya nyingine, utakuta nyingi zimewekwa mahali ambapo watu walikuwa wakipita kila siku: kwenye tangi, dukani, katika jaruba la mpunga, katika dimbwi la kando ya barabara. Samaki alikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kuinama na kuangalia.

Mwenye kelele kuliko ukubwa wake

Ndugu wa karibu wa huyo mwenye chonge ana kisa kinachofanana na chake. Danionella cerebrum alifugwa miaka kadhaa katika maabara za utafiti wa ubongo akiitwa kwa jina la mwenzake, Danionella translucida, aliyeandikwa mwaka 1986. Ni mwaka 2021 tu walipotenganishwa. Maana yake ni kwamba zipo makala za kisayansi zilizochapishwa na kusomwa zikimtaja samaki ambaye hakuwamo kwenye tangi la watafiti hao. Katika fani inayojisifu kwa usahihi, hilo si jambo dogo.

Wataalamu wa ubongo wanampenda kwa sababu zilizo wazi, tena wazi kabisa: mwili wake unabaki kupitisha mwanga hata akiwa amekomaa, na fuvu lake halina kifuniko juu ya ubongo. Mtafiti anauona ubongo ukifanya kazi ndani ya kiumbe hai bila kupasua chochote. Ubongo wenyewe ndio mdogo kuliko wote unaojulikana kwa mnyama mzima mwenye uti wa mgongo. Samaki mzima ana milimita 12 hivi.

Halafu ikaja sauti. Watu waliokuwa wakipita karibu na matangi ya maabara mjini Berlin walisikia mlio wa kugongagonga, wakajiuliza unatoka wapi. Mwaka 2024 kikosi cha watafiti wa huko kilichapisha jibu: unatoka kwa madume wa Danionella cerebrum, na ukipimwa ndani ya maji kwa umbali unaolingana na urefu wa mwili wa samaki mwenyewe, unapita desibeli 140. Dume ana msuli wa pekee usiochoka haraka. Msuli huo huvuta ubavu, ubavu huvuta kipande cha gegedu, na gegedu ikiachiwa hurudi kwa kasi kubwa na kukipiga kibofu cha hewa. Majike hawafanyi hivyo. Dhana inayopewa uzito ni kwamba katika maji ya matope ya vijito vya Myanmar, ambako macho hayafiki mbali, madume hutambiana kwa sauti.

Magazeti yalikimbilia kumfananisha na ndege inayopaa, na kwa kweli mfano huo ulitoka kwa watafiti wenyewe. Msomaji aupokee kwa kiasi. Desibeli za majini hupimwa kwa msingi tofauti na zile za hewani, na sauti ikiugusa uso wa maji sehemu yake kubwa hurudi chini. Hutaziba masikio ukimweka sebuleni. Hata hivyo, kwa samaki wa ukubwa wake, hakuna mwingine anayejulikana kumfikia.

Mdogo kuliko wote, kwa miaka sita

Januari 2006 dunia ilipewa mshindi mpya wa udogo. Paedocypris progenetica, aliyetoka katika vinamasi vya Sumatra nchini Indonesia, alikuwa na jike aliyepevuka mwenye milimita 7.9 tu. Waliomwandika ni Maurice Kottelat, Ralf Britz yule yule, Tan Heok Hui na Kai-Erik Witte. Wakati huo alitangazwa kuwa mnyama mdogo kuliko wote wenye uti wa mgongo.

Taji halikukaa. Mwaka 2012 chura wa Papua New Guinea, Paedophryne amauensis, aliandikwa akiwa na wastani wa milimita 7.7, na vyura wakaendelea kushindana wao kwa wao. Wapo pia waliopinga tangu mwanzo kwa hoja ya samaki wa bahari ya kina, Photocorynus spiniceps, ambaye dume wake ana milimita 6.2. Lakini dume huyo huishi akiwa amegandamana na jike mwilini, akinyonya damu yake. Mimi simpi rekodi mtu asiyejitegemea. Kwa samaki anayeogelea mwenyewe na kula mwenyewe, huyu wa Sumatra bado ana heshima yake.

Kinachonivutia zaidi kwake ni maji anayoishi. Vinamasi vya mboji vya Sumatra na Borneo vina maji ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, na asidi yake hufikia pH ya 3. Muda mrefu maji hayo yalidharauliwa: meusi, machachu, hayana samaki wa kula, basi hayana kitu. Ndiyo sababu ilikuwa rahisi kuyakausha. Moto mkubwa wa mwaka 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya misitu ya vinamasi vya Indonesia, na mashamba ya michikichi yakaja juu yake. Samaki mwenye udogo huo hukimbilia mabaki ya maji yaliyo chini ya mizizi na kuvumilia kiangazi humo, lakini mfereji ukichimbwa na maji yote yakaondoka, hana pa kwenda. Waliomwandika walieleza kwamba baadhi ya vinamasi walivyowahi kuvua vilikwisha kuharibiwa hata kabla makala yao haijatoka.

Siku kumi na nne

Sasa tuje kwetu, kwa sababu rekodi ninayoiona kubwa kuliko zote hizi iko katika matope ya Afrika ya mashariki na kusini.

Samaki wa jenasi ya Nothobranchius wanaishi katika madimbwi ya mvua. Masika yakishika, dimbwi linajaa, na ndani ya muda mfupi mna samaki wenye rangi nyekundu, buluu na manjano. Kiangazi kikifika, dimbwi linakauka, samaki wote wanakufa, ng'ombe wanapita juu. Mwaka unaofuata mvua ikinyesha, samaki wamo tena. Mtu asiyejua siri yake ana haki ya kuapa kwamba wameanguka na mvua. Siri ni mayai. Jike hutaga ndani ya tope, na kiinitete husimamisha ukuaji wake kikisubiri, tena si mara moja: kuna hatua tatu ambazo kinaweza kusimama. Mayai ya jike mmoja hayaendi pamoja. Mengine huanguliwa kwa mvua ya kwanza, mengine hukataa kuamka na kungoja mvua nyingine, ili mvua ya udanganyifu isije ikamaliza kizazi chote.

Maisha ya aina hiyo hayana nafasi ya utoto mrefu. Nothobranchius furzeri alikusanywa mwaka 1968 na Richard Furzer katika eneo la Gonarezhou, ambalo leo ni sehemu ya Zimbabwe, na akapewa jina mwaka 1971. Kwa miaka zaidi ya thelathini waliomfuga ni wapenzi wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani, wakirithishana mayai. Mwaka 2003 Waitalia wawili, Stefano Valdesalici na Alessandro Cellerino, walichapisha kwamba kizazi hicho cha tangini hakipiti wiki chache zaidi ya kumi kabla ya kuzeeka na kufa. Wanasayansi wa uzee wakamrukia. Panya wa maabara huishi miaka miwili au mitatu, huyu huzaliwa, huzaa, huchakaa na kufa kabla ruzuku ya utafiti haijaisha. Mwaka 2015 jenomu yake ilichapishwa.

Rekodi yenyewe ilipatikana porini. Watafiti kutoka Jamhuri ya Czech walifuatilia madimbwi ya Msumbiji yaliyojaa kwa mvua, wakapima umri wa samaki waliowavua, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba N. furzeri anaweza kupevuka kijinsia siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo anayejulikana kufanya hivyo upesi zaidi. Ila rekodi ya maisha mafupi kuliko yote si yake: hiyo anaishikilia Eviota sigillata, samaki mdogo wa miamba ya matumbawe ambaye umri wake wa juu uliopimwa ni siku 59.

Jenasi hii ina spishi zaidi ya 90, na Tanzania ndiyo yenye utajiri mkubwa kuliko nchi zote. Ramani yake ni ramani ya mahali tunapopafahamu. N. guentheri ni wa Unguja, aliandikwa mwaka 1893. N. korthausae ni wa Mafia, mwaka 1973. N. foerschi, mwaka 1979, alitoka Soga, mahali ambapo leo treni ya SGR inasimama ikitoka Dar es Salaam. N. eggersi, mwaka 1982, alitoka bonde la Rufiji. Kilombero ina wake, N. kilomberoensis wa mwaka 2002. Yatazame majina hayo: Korthaus, Foersch na Eggers wote walikuwa watu wa Ujerumani waliopenda kufuga samaki. Siwalaumu, maana wao ndio walioinama na kuangalia. Lakini ni vigumu kuamini kwamba hakuna mtoto wa Soga aliyewahi kumnasa samaki huyo kwa kikapu kabla ya mwaka 1979.

Wafugaji wa samaki hawa wana desturi inayostahili kusifiwa. Hawachanganyi kizazi cha dimbwi moja na cha jingine, hata kama jina la kisayansi ni lile lile. Kila kizazi hutembea na jina la mahali kilipotoka, herufi za nchi, mwaka wa kukusanywa na namba ya kituo. Mayai hutumwa kwa posta yakiwa ndani ya mboji yenye unyevu, katika mfuko mdogo wa nailoni ulioandikwa tarehe ya kutiwa maji. Hivyo kuna mtu huko Hamburg au Prague ambaye hajawahi kukanyaga mkoa wa Pwani lakini Soga na Mbezi anavitaja kila wiki.

Na habari haijaisha. Hivi karibuni Kenya imeongeza wake: Nothobranchius sylvaticus, kutoka msitu wa Gongoni katika kaunti ya Kwale. Ndugu zake wote ni wa nyika na mbuga, yeye peke yake ndiye anayejulikana kuishi ndani ya msitu. Msitu wenyewe ni kipande kilichobaki cha misitu ya pwani iliyokuwa mikubwa. Aliingia katika vitabu akiwa tayari amewekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, yaani cheti cha kuzaliwa na hati ya mgonjwa mahututi vilitoka pamoja.

Kutoka dimbwini hadi dukani

Kama kungekuwa na rekodi rasmi ya kasi ya biashara, ningempa samaki wa nyota wa Myanmar. Ni mdogo, sentimita mbili hivi, mwili wa buluu iliyokoza wenye madoa ya rangi ya lulu na mapezi mekundu. Alionekana Agosti 2006 karibu na Hopong katika jimbo la Shan, kwenye vidimbwi vyenye majani mengi, kimo cha zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Picha yake ikasambaa intaneti, na ndani ya miezi michache alikuwa akiuzwa Ulaya na Marekani. Jina la kisayansi lilikuja Februari 2007, pale Tyson Roberts alipomwita Celestichthys margaritatus, na baadaye wenzake wakamhamishia jenasi ya Danio. Kwa maneno mengine, watu walimnunua kabla hajaitwa.

Mara habari zikageuka: vidimbwi vinakombwa, atakwisha kabla ya mwaka. Hofu ilikuwa ya haki, lakini mambo mawili yaliipunguza. Alipatikana katika vidimbwi vingine ambavyo mwanzo havikujulikana, na ikabainika kwamba huzaa kwa urahisi akiwa tangini. Leo wengi wanaouzwa wamezalishwa na wafugaji. Si kila samaki mdogo ana bahati hiyo. Sahyadria denisonii wa milima ya Western Ghats huko India, mwenye mstari mwekundu usoni, alivuliwa kwa wingi kwa ajili ya biashara hata akawa mfano unaotolewa kila mahali biashara hiyo inapojadiliwa.

Siku moja iliyoamua jina

Ushindani wa majina nao una rekodi yake. Neoni, samaki wa buluu na nyekundu anayejulikana na kila mwenye tangi, alipatikana miaka ya 1930 katika Amazon ya Peru na Mfaransa Auguste Rabaut, na George Myers akampa jina mwaka 1936. Mwaka huo huo wachache walipakiwa katika chombo kikubwa cha anga, Hindenburg, kutoka Ujerumani hadi Marekani. Fikiria gharama hiyo kwa samaki wa sentimita tatu.

Miaka ishirini baadaye akaja ndugu yake mwekundu zaidi, yule wa Rio Negro nchini Brazili. Wanasayansi wa pande mbili walimwandika bila kusubiriana. Jina la Leonard Schultz, axelrodi, lilichapishwa tarehe 20 Februari 1956 katika jarida la wafugaji wa samaki. Jina la Myers na Stanley Weitzman, cardinalis, lilichapishwa tarehe 21, siku iliyofuata, katika jarida la Chuo Kikuu cha Stanford. Mzozo ulipelekwa kwa tume ya kimataifa ya majina ya wanyama, ambayo mwaka 1957 iliamua kuwa wa kwanza ni wa kwanza, hata kwa siku moja. Axelrod aliyeheshimiwa kwa jina hilo ndiye aliyekuwa mchapishaji wa jarida lililowahi. Msomaji aamue mwenyewe anavyotaka.

Rangi iliyokataa kufutika

Samaki wakitiwa katika dawa ya kuhifadhi hupoteza rangi. Ndiyo sababu makabati ya makumbusho yamejaa chupa za samaki weupe na wa kahawia ambao enzi za uhai wao waling'ara. Mwaka 2019 aliandikwa mmoja kutoka bahari ya Zanzibar ambaye zambarau yake ilibaki hata baada ya kuhifadhiwa. Wapigambizi walimkuta katika miamba iliyo kati ya mita 50 na 80, kina kisichofikiwa kwa mtungi wa kawaida wa kuzamia bali kwa vifaa vinavyosafisha pumzi na kuirudisha. Yi-Kai Tea wa Chuo Kikuu cha Sydney na wenzake walimpa jina la Cirrhilabrus wakanda, kwa kuifuata nchi ya kubuni ya Kiafrika iliyo katika vitabu vya katuni na filamu.

Jina lilipendeza dunia nzima, nami sina ugomvi na filamu. Ila nchi ya Wakanda haipo, na Zanzibar ipo. Linganisha na Maldivi. Mwaka 2022 ndugu wa samaki huyo, Cirrhilabrus finifenmaa, aliandikwa akiwa na jina la Kidhivehi la waridi, ua la taifa la nchi hiyo, na miongoni mwa waandishi alikuwemo Ahmed Najeeb, Mmaldivi. Ilikuwa mara ya kwanza samaki wa Maldivi kuandikwa na mwanasayansi wa Maldivi, ingawa mamia ya spishi yalikuwa yamekusanywa kutoka huko. Samaki mwenyewe alikuwa ameonekana tangu miaka ya 1990 na kudhaniwa kuwa ni mwingine. Amekuwa pia akivuliwa kwa biashara ya mapambo kwa jina lisilo lake.

Kwa upande wa bei, anayetajwa sana ni Centropyge boylei, samaki wa milia myekundu na myeupe mwenye sentimita saba hivi, aliyeandikwa mwaka 1992 kutoka Rarotonga katika Visiwa vya Cook. Dola 30,000 ndiyo bei inayorudiwa na kila mwandishi. Anayelipa fedha hizo hanunui uzuri, ananunua kina cha bahari alikotolewa.

Kijito cha kilomita nne

Mwaka 2022 Wabrazili Murilo Pastana na Willian Ohara, pamoja na mwenzao, waliandika samaki wawili kutoka eneo la Apuí, katika Amazon ya Brazili. Mmoja wao, Poecilocharax callipterus, dume wake ana mapezi mekundu ya chungwa yanayovutia mno kwa macho ya mfugaji. Alipatikana katika kijito kimoja tu, kipande cha kilomita nne hivi. Apuí iko mahali ambapo msitu unakatwa kwa kasi kwa ajili ya malisho na kilimo. Mtu mmoja mwenye tingatinga anaweza kuimaliza spishi hiyo kwa mchana mmoja, na asijue.

Kuna wengine ambao makao yao hayaonekani kabisa. Huko Kerala, India, baada ya mafuriko ya mwaka 2018, picha ya samaki wa ajabu aliyeokotwa katika jaruba la mpunga iliwekwa kwenye mitandao ya kijamii. Alikuwa wa maji ya chini ya ardhi, aliyesukumwa juu na mafuriko. Mwaka 2019 akaitwa Aenigmachanna gollum, na mwaka uliofuata wataalamu wakakubali kwamba hatoshi katika ukoo wowote uliokuwepo, wakamuundia ukoo wake. Ukoo mzima wa samaki uligunduliwa kwa simu ya mkononi.

Ziwa lenye mdogo na mkubwa

Ziwa Tanganyika nalo lisiachwe. Mbali na mgebuka na dagaa wa Kigoma, ndani yake wamo samaki zaidi ya 200 wa ukoo wa sato, karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Kuhe, anayejulikana kwa walaji wa Tanzania, Burundi na Kongo kwa utamu wake, ni mmoja wa wakubwa kuliko wote wa ukoo huo duniani. Humo humo yumo mmoja wa wadogo kuliko wote, Neolamprologus multifasciatus, ambaye dume hana hata sentimita tano na jike ni mdogo zaidi. Makao yake ni kombe tupu la konokono lililo chini ya ziwa. Hulichimbia mchanga likabaki mdomo wazi, na jamaa huishi jirani kwa jirani, makombe kwa mamia. Alipewa jina mwaka 1906, kwa hiyo si mpya, lakini ziwa halijamaliza kutoa wapya. Mwaka 2014 peke yake pwani ya kusini ya upande wa Tanzania ilitoa Neolamprologus timidus na Chalinochromis cyanophleps, wote wakiandikwa na Sven Kullander wa Sweden na wenzake, wakiwemo wapigambizi waliokuwa wakiwaona samaki hao majini kwa miaka.

Basi, msomaji wa Kwale, Rufiji, Bagamoyo, Mafia au Kilombero, masika ijayo utakapopita karibu na dimbwi lenye samaki wa rangi, piga picha. Andika jina la kijiji, tarehe, na kama maji ni ya mvua au ya mto. Usimhamishie samaki huyo dimbwi lingine kwa nia njema, maana kila dimbwi linaweza kuwa na kizazi chake. Ipeleke taarifa kwa taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, kama uko Tanzania, kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya kama uko Kenya, au kwa idara ya samaki ya chuo kikuu kilicho karibu nawe. Na kama una tangi nyumbani na umechoka nalo, mpe jirani. Usiwamwage samaki wake dimbwini.